Spana ya Verlyn Tostrud

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na mashahidi, si wanayoyafanya. Shahidi akilia siandiki, mpaka wakili atamke kwamba amelia.

Siku ile tulikuwa kwenye ofisi ya mawakili, mjini Duluth, kuchukua ushahidi wa kiapo kabla kesi haijasikilizwa. Mpira wa maji wa mashine ya kuoshea vyombo ulikuwa umepasuka kwenye nati nyumbani kwa mzee Verlyn Tostrud, aliyeufunga mwenyewe, yeye na mkewe wakiwa kwenye kibanda chao cha ziwani, na nyumba ikaharibika sakafu hadi kuta. Kampuni ya bima ilishamlipa, na sasa ilikuwa imekishtaki kiwanda kilichotengeneza mpira huo na duka lililouuza, kwenye mahakama ya shirikisho. Kwa hiyo Verlyn hakuwa na cha kupoteza ila jina. Mtaa mzima humwita fundi, naye hulipenda jina hilo kupita kiasi.

"Nati ya plastiki hufungwa kwa mkono tu, ikikazwa kwa spana hupata ufa," alisema Keller, wakili wa kiwanda. "Wewe ulitumia spana, mzee?"

"Kwa mkono! Si nimeapa? Au hukusikia?"

"Nimesikia. Hebu tuonyeshe basi." Akamsogezea mpira mpya na kipande cha bomba.

Verlyn akaizungusha nati mpaka ikagoma. Kisha, bila kufikiri, mkono wake ukaenda mfuko wa nyuma wa suruali. Ilikuwa suruali ya suti, mfuko mtupu, spana haimo.

"Jamani, Verlyn," alinong'ona mkewe, Marlys, aliyekaa nyuma yake.

Keller hakulaza damu. "Iandikwe kwamba shahidi ametafuta kitu mfuko wa nyuma."

Nikaandika. Wakili wa bima akafumba macho. Nilimwonea huruma mzee, ila nilijua atabisha. Wanaume wa huku hubisha hata wakiwa wamelowa chapachapa.

"Andika, mama," akaniambia. "Nilikaza kwa spana. Siku yenyewe siikumbuki, lakini mimi nakaza kila kitu kwa spana."

"Asante, mzee. Nimemaliza," alisema Keller.

"Mimi bado. Jikoni kanisani nilifunga mipira ya aina hii hii. Na kwa mjane Nygaard. Marlys, mpigie mchungaji afunge maji. Mwambie ni mimi nimeharibu."

Marlys alikuwa tayari anabonyeza simu. Keller akasema hayo hayahusiani na kesi, yasiandikwe.

Niliyaandika yote.