Tende Niliyomtafunia Layla

Siku mjukuu wangu Layla alipozaliwa, mimi ndiye niliyemtia tamu kinywani. Kwetu Waislamu wa Muyinga ndivyo ilivyo: babu anatafuna tende mpaka ilainike, anampaka mtoto kwenye kaakaa kwa ncha ya kidole, anamwombea dua. Nikaitafuna kwa meno yaliyonibakia, naye akaimumunya kama mtu aliyeagiza.

Sijafuta hata kidole, muuguzi akaingia na kipamba cha kupimia. Sheria mpya: kila anayezaliwa apimwe mate, ijulikane kama ana nguvu zisizo za kibinadamu. Sisi wazee hatupimwi. Nadhani wanaona hata tukiwa nazo zimeshachacha.

Jibu likaja: Layla anazo. Atachukuliwa, alelewe kwenye kituo cha serikali, Gitega.

Latifa, mama yake, hakulia. Alimbana mtoto kifuani, hata mimi akaninyima kumshika.

"Baba, mi sitoi mutoto. Wanichukue na mi."

Mwanangu Twaha akanigeukia. "Ni hadithi zako, mzee! Muyinga yote inajua eti ulisukuma lori na mgongo, toka Kobero mpaka Kabanga, ng'ambo ya mpaka. Sasa wamesikia!"

"Lakini hiyo lori ilikuwa tupu," nikamjibu.

Hakucheka. Nami nilipolamba midomo, nikaikumbuka ile tende. Yale mate yalikuwa ya nani?

Tukaenda Gitega, mimi na Latifa na mtoto. Daktari wa kituo, Jeska, alikulia Tanzania; Kiswahili chake kimepigwa pasi.

"Mzee wangu, unasema tulipima mate yako?"

"Ya kwangu, binti yangu. Mpime tena. Na mi unipime."

"Na wewe ukikutwa huna kitu?"

Nikamtazama Latifa. Akatazama ukuta.

Jeska akamsafisha mtoto kinywa vizuri, akachukua mate mapya. Kisha nikapanua changu. Tukangoja kwenye benchi la korido. Nimeshaomba mengi kwa Mungu, mvua, wateja, mke wa pili. Siku ile niliomba nikutwe na hatia.

"Mtoto hana," Jeska akasema. "Mzee ndiye anazo."

Latifa akanipa Layla nimpakate. Hapo ndipo alipolia.

Latifa alipotoka kwenda kumfunga mtoto mgongoni, Jeska akafunga mlango.

"Haya mzee, nguvu zako ni zipi?"

"Wallahi sijui. Hata kifuniko cha chupa namwachia Twaha anifungulie."

Akashusha sauti. "Usirudie neno hilo mbele ya wakubwa. Wasipoona kitu kwako watasema nimechanganya vipimo. Mtoto ataitwa tena."

Basi Latifa na Layla wamerudi Muyinga, mimi nimebaki. Chakula si kibaya, ila mlango unafungwa kwa nje. Asubuhi wakubwa wanakuja, wananigusa misuli, wananitazama kama mbuzi wa mnadani.

Leo wameuliza: "Mzee Kassimu, unaweza nini?"

Nikawaza mgongo wa Latifa na kile kichwa kidogo kikichungulia kwenye kitenge. Nikawapa lori la Kobero. Safari hii nimelijaza saruji, nikaongeza na mlima, na matairi mawili yamepasuka.

Mjini kwetu ningezomewa kabla ya kufika kwenye saruji. Hawa wamesikiliza hadi mwisho, wakaandika kila neno, hakuna aliyecheka.

Kesho wanaleta lori.