Skrubu Nne

Mwezi wa Julai, Mbeya, mtu mwenye akili zake huoga maji ya moto, tena upesi upesi. Ndiyo maana mzee Burhanuddin alipochimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, watu wa Mwanjelwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Pale sokoni alikuwa ameuza misumari na skrubu kwa miaka arobaini, wakasema sasa uzee umemzidi. Kiharusi kilichompoozesha upande wa kushoto walikijua. Wasilolijua ni kwamba daktari alimwambia miguu yake ingejifunza upya kutembea majini kwa urahisi kuliko sakafuni.

Mkewe Nurbanu hakucheka. Alilitaka bwawa lile kuliko hata mwenyewe, kwa sababu alitaka kumwona mumewe akisimama.

Fundi wao alikuwa Lugano, mtu wa Tukuyu, mpole lakini mwenye masharti kama mganga. Saruji ikauke kwanza. Vigae vishike. Bomba la kushikia likazwe upande wa kulia wa ngazi, upande wa mkono wa mzee uliobaki na nguvu. Maji yaliyoletwa na lori la boza yalipomiminwa yalikuwa na rangi ya mlenda, akayatia dawa na kuiacha pampu iyapitishe kwenye mchanga siku baada ya siku. Kila asubuhi alichota maji katika vichupa viwili, akadondoshea matone, akalinganisha rangi na kadi yake. Cha klorini kiwe njano ya siagi, na cha uchachu kiwe waridi. Zaidi ya hayo, mtu akisimama ukingoni azione skrubu nne za mfuniko wa tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, kwenye kina. Asipoziona, asitie hata kidole.

Jumapili asubuhi alipima tena, akaingia katika kijumba cha pampu, akatoka na begi begani. Alikuwa na msiba wa shangazi yake kule Igowole. Aliwaambia bwawa litakuwa tayari Jumatano, na kabla ya hapo asiingie mtu.

Saa nne jua lilitoboa ukungu. Nurbanu akamsogeza mumewe ukingoni kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Banu," alisema Burhanuddin, "naziona skrubu zote nne."

"Lugano kasema Jumatano."

"Nimeuza skrubu miaka arobaini. Nisizijue?"

Aliomba ngazi mbili tu za juu, ashikilie bomba, miguu ilowe. Nurbanu, ambaye macho yake yaliona vya karibu tu, alitazama chini akaona buluu tupu. Akaogopa. Akamwambia haraka haraka haina baraka, kama anavyoambiwa mtoto. Mzee alicheka, akampa ule mkono mzima amgeuze warudi ndani.

Jumatatu, baada ya alasiri, kiharusi cha pili kilimkuta na kikombe cha chai mkononi. Hakikumwacha.

Nurbanu akakaa eda. Katika nyumba ile eda ilikuwa eda kweli: miezi minne na siku kumi hatoki, wala haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Mwanawe alipiga simu kutoka Dar es Salaam akasema bwawa limwagwe, la nini tena. Nurbanu alikataa. Hata sababu hakuweza kuisema vizuri, ila aliona kulimwaga ni kumzika mtu yule mara ya pili.

Lakini maji yasiyotunzwa hayachukui wiki kugeuka kijani, na Lugano asingeweza kuingia uani. Basi Lugano akawa anapiga simu, anamweleza Ikupa, mama aliyesaidia kazi za nyumba ile miaka ishirini, naye Ikupa anamweleza bibi yake. Mwenyewe Ikupa aliogopa maji kama paka, akasimama mbali na ukingo, simu sikioni.

"Bibi, anasema matone matano, halafu utikise. Pole pole, anasema, siyo kama unachapa mtoto."

Hivyo ndivyo Nurbanu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kushika spana ya mumewe, alivyojifunza kupima maji. Aliopoa majani ya mparachichi kwa wavu, akapima dawa, akawasha pampu na kuizima. Mwezi wa pili hakuhitaji tena kadi ya rangi. Wanawake waliokuja kumpa pole walimsifu kwa subira. Subira hakuwa nayo, alikuwa na kazi. Alikuwa pia na neno moja la kushikilia, Jumatano. Kama maji yale yangemdhuru mumewe, basi alimkinga. Kama yasingemdhuru, alimnyima kitu cha mwisho alichokiomba duniani.

Mwezi wa tatu pampu ilianza kukoroma. Lugano akasema ifungwe koki iliyo nyuma ya mlango wa kijumba. Nurbanu aliingia, akausukuma mlango ujifunge, na huko nyuma akakuta maandishi ya Lugano ya penseli ukutani. Ijumaa: ukungu. Jumamosi: klorini kali. Jumapili asubuhi: njano sawa, waridi sawa, skrubu zote zinaonekana. Tayari.

Akayasoma mara tatu. Fundi hakutaka mtu aingie majini yeye akiwa safarini, ndiyo maana akaongeza siku tatu. Siku tatu tu. Nurbanu alikaa juu ya gunia la mchanga akalia kwa sauti, na Ikupa akaja mbio akidhani pampu imempiga shoti.

Eda iliisha mvua zikianza. Lugano alikuja kutoa pole, akakaa barazani na kofia yake magotini. Aliyatazama maji, akayasifu kwa moyo. Nurbanu alimmiminia chai mwenyewe.

"Lugano, ile Jumapili kabla mzee hajaondoka, maji yalikuwa tayari?"

Fundi aliizungusha kofia.

"Bado, mama. Yalikuwa bado sana. Yangemwasha."

"Ahsante, baba."

Kisha Lugano akasema anakwenda kuiangalia pampu. Alijifungia kijumbani kwa muda mrefu kuliko pampu ilivyohitaji. Alipokwisha kuondoka, Nurbanu alikwenda kutazama nyuma ya mlango. Ijumaa ilikuwepo, Jumamosi ilikuwepo. Chini yake ukuta ulikuwa mbichi, umefutwa. Hakumkasirikia. Alimwonea huruma, maana sasa walikuwa wawili wenye kuijua Jumapili ile.

Kesho yake asubuhi alipima maji: siagi, waridi. Akamwita Ikupa ukingoni, akamuuliza kama anaziona skrubu.

"Zote nne, bibi."

Nurbanu akavua ndala. Alishuka ngazi mbili za juu na nguo zake, upande wa kushoto, bila kushika kitu, bomba la kulia akamwachia mwenyewe. Baridi ilimpanda mpaka magotini.

"Ingia, mzee wangu," alisema. "Yako tayari."