Jina la Digna Haliguswi

Mara tatu nimetoka Mchombe kwenda Ifakara kwa jambo moja tu: jaruba la mpunga la marehemu mke wangu, Digna, liandikwe jina langu, Beno. Lipo kwenye skimu ya umwagiliaji. Maji hugawiwa kwa orodha ya kompyuta, na orodha ilikuwa isomwe Jumamosi. Jina likiitwa na mwenyewe asiitike, maji yanampita na jaruba anapewa mwingine. Ndivyo walivyoamua wakubwa, ambao matope wanayaona kwenye picha.

Kila nilipokwenda, karani wa ofisi ya skimu, Restituta, aliandika jina langu, akabonyeza, na kompyuta ikasema: Imehifadhiwa.

"Tayari, baba. Nenda kwa amani."

"Unaniaga kama padri. Hebu fungua tena."

Akifungua: Mmiliki, Digna.

Mara ya tatu niligoma kuinuka kwenye kiti. Ndipo akamwita Elineema, fundi wa kompyuta kutoka Lipangalala aliyeitengeneza hiyo programu, mtu mzima mwenye watoto sekondari.

"Shikamoo, mzee Beno."

"Marahaba. Kompyuta yako inasema uongo."

Akacheka, akanigeuzia kioo. "Iko hivi, mzee. Hii imeandikwa kwa PHP, lugha ya kompyuta. Habari za shamba nimezifungia ndani, hakuna anayezigusa moja kwa moja. Ukitaka kusoma jina la mmiliki, programu yenyewe inaita hii hapa, __get, inakuletea. Ukitaka kulibadilisha, inaita hii, __set. Huyu ndiye bawabu. Nimemwambia jina la mmiliki lisibadilike mpaka mwenye jina aweke kidole kwenye mashine."

"Kidole cha Digna?"

"Ndiyo."

"Kipo makaburini tangu Kwaresima."

Restituta akainamia karatasi zake.

"Na kidole kikikosekana?" nikauliza.

"Bawabu anarudi kimya, haandiki kitu. Hilo neno Imehifadhiwa linatoka kwenye ukurasa, halimuulizi bawabu amefanya nini. Mwanzo nilimwekea atoe kosa, maandishi mekundu. Mwenyekiti akaniambia niondoe, wageni wakija yanaaibisha ofisi."

Unaona! Ili wageni wasione wekundu, mimi nimekula vumbi la barabara ya Mlimba mara tatu.

Mwenyekiti Fulgence alikuwa amesikia, akatoka chumbani kwake. "Sheria hiyo haiguswi, Beno. Waliiomba wanawake wenyewe. Waume walikuwa wanakodisha mashamba ya wake zao kinyemela."

"Wanawake gani?"

Akavuta faili, akaniwekea barua mbele. Kusoma kwangu ni kwa kubabaisha, lakini jina la kwanza nililijua kabla sijalimaliza. Digna. Sahihi yake ile ya kuvuta mkia. Mwaka ni ule niliomkodishia Mashimba jaruba la Digna bila kumwambia mwenyewe, naye akayasikia kwenye jumuiya, kwa mke wa Mashimba, mbele ya wenzake wakisali rozari. Nyumbani hakunigombeza hata siku moja. Nilidhani yalikwisha.

"Alimjua mtu wake," Fulgence akasema.

"Mtu amekufa! Mnamlinda na nani?"

"Habari ya mmiliki kufa haikuandikwa kwenye programu, mzee," Elineema akasema polepole. "Hakuna aliyenituma."

"Si uiandike sasa!"

Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama saa yake. "Mpaka kamati ikae. Miezi mitatu."

Mpunga haungoji kamati. Lakini nani wa kuwaambia? Wao wali wanapakuliwa.

Jumamosi nilisimama mferejini na wenzangu. Theodori, mgawa maji, alisoma orodha.

"Digna!"

Akaita tena.

"Nipo," nikasema.

"Wewe ndiye Digna, babu?" kijana mmoja akauliza. "Mbona ndevu?" Watu wakaangua kicheko.

Theodori hakucheka. Aliita mara ya tatu, kama sheria inavyotaka, akasubiri kidogo, nadhani kwa heshima yangu, akalipiga mstari jina la Digna, akaita linalofuata.