Arobaini Mbili Katika Jengo Moja

Siku ya thelathini na moja tangu ajifungue, Gülizar alikuwa hoi. Maziwa yalimpungua, na mtoto alilia tangu alfajiri. Wifi yake Fadime, aliyekaa ghorofa ya chini katika jengo lile lile mjini Kayseri, Uturuki, alikuwa na maziwa tele, lakini naye alikuwa mzazi wa siku ishirini. Kwa desturi yao, wazazi wawili walio ndani ya arobaini hawaonani, watoto wasije wakadhurika.

Fadime akaita kutoka kwenye ngazi, "Wifi, kitendawili!"

"Tega, ila sina nguvu."

"Nyumba haina kufuli, na mwenyewe hatoki."

"Karantini," Gülizar akajibu, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Umepata! Ya daktari siku kumi na nne tu. Ya mama arobaini, na askari mlangoni!"

Mama mkwe Emsal, aliyeketi hapo mlangoni, akafoka, "Nyamaza wewe, mdomo kama cherehani!" Kisha akamtazama mjukuu anavyonyonya ngumi yake. Akashusha pumzi, akachomoa sindano kwenye kitambaa chake cha kichwa, akampa Gülizar.

"Zamani wazazi wakikutana kwa bahati mbaya, walibadilishana sindano, yakaisha. Basi leo mmekutana kwa bahati mbaya. Fadime, unayo yako?"

"Ninayo tangu juzi, mama."

Fadime akapanda ngazi, wakabadilishana. Mtoto akalidaka titi la shangazi yake, na Gülizar akalala pale pale kwenye zulia, kabla mama mkwe hajaleta mto.