Mlango Usio na Alama

Kwangu huingii na viatu. Nimeshakosana na watu kwa ajili hiyo, na niko tayari kukosana na wengine. Wakwe wa mwanangu walipokuja mara ya kwanza, mjomba mmoja mwenye viatu vya kung'aa alijifanya hanisikii. Nikamsimamia pale kwenye ngazi mpaka akainama kufungua kamba. Baadaye nikampa chai na sambusa, tukaelewana. Baraza yangu ya nyuma ni ya mbao, na mbao zile zinakanyagwa kwa nyayo tupu. Kaa nikwambie kwa nini.

Nyumba hii ya hapa Shinyanga, karibu na stesheni, aliijenga baba mkwe wangu, Mzee Sabiti, Mungu amrehemu, aliyekuwa fundi wa reli. Udongo wetu ni ule mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukimwaga saruji, haichukui muda imekatika vipande. Mzee hakutaka kubishana na udongo. Alisimamisha mataruma chakavu ya reli, juu yake akapigilia mbao za mninga zilizokuja kwa treni kutoka Tabora, ikawa baraza ndefu nyuma ya nyumba nzima, imeinuka usawa wa goti. Vyumba vyote vinafungukia hapo. Mwisho mmoja kuna choo na bafu, mwisho wa pili jiko, na katikati mtungi wa maji ya kunywa.

Mama mkwe wangu, Bi. Mwasiti, alikuwa haoni. Macho yalimpotea polepole kabla mimi sijaolewa, na nilipoingia nyumba hii nilimkuta anaijua baraza kwa nyayo. Ubao wenye kifundo kilichotokeza, hapo ndipo mtungi. Ubao uliolika ukingoni, hapo anatandika mkeka wake wa kuswalia. Ubao unaolia ukiukanyaga, choo kiko mbele yake. Hakuna aliyemshika mkono. Ukijaribu, anakupiga kikofi. "Siku nitakayopelekwa chooni kama mtoto," alikuwa akisema, "mtafute sanda, maana nitakuwa nimeshaondoka." Wala hakuwa anatania. Nguo zake alifua mwenyewe, na mchele aliuchambua kwa vidole akatoa mawe mengi kuliko mimi na macho yangu mawili.

Basi mbao zikachoka. Jua upande mmoja, mvua upande mwingine, na mchwa wanaokula kila kitu wasichoalikwa. Mume wangu, Bashiri, alikuwa dereva wa lori la pamba, na dawa yake ya kila jambo ilikuwa oili chafu. Kila kiangazi alikuja na debe la oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, akaipaka baraza nzima kwa ufagio. Kweli mchwa walipungua. Lakini baraza ikawa nyeusi ti, inanata wakati wa joto, vumbi likaganda juu yake likawa gamba, na mimi nikawa nafua kanga zenye mabaka kila wiki. Chini ya gamba lile mbao zilikuwa zinaoza bila kumwambia mtu. Mwaka wa themanini na tatu, mvua zikiwa zimepamba moto, ubao mmoja ukamkatikia Bi. Mwasiti. Mguu ulizama mpaka gotini. Tulimtoa na jeraha refu kwenye ugoko.

Jeraha likapona, yeye asipone. Alikaa chumbani. Akitaka kwenda chooni aliniita, nikamshika mkono, tukaenda. Hakunipiga kikofi hata mara moja, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Chakula akawa anakigusa tu. Mchele hakuuliza tena habari zake.

"Baba Mwaisha," nilimwambia mume wangu, "mama yako anaondoka hivi hivi tunamtazama. Hiyo baraza itengenezwe."

"Kwa vanishi gani? Kwa mbao zipi?" akasema. Na hapo alikuwa na haki yake. Mwaka ule ukiingia dukani ulikuta rafu na mwenye duka, basi, mnatazamana. Sabuni yenyewe ilikuwa habari ya mjini.

Lakini Bashiri ana moyo, hata kama akili yake yote imejaa oili. Akaenda kijiji cha Samuye, akarudi na fundi seremala aitwaye Bujiku, Msukuma mrefu, mchache wa maneno, ambaye kofia yake haikutoka kichwani hata wakati wa kula. Bujiku akapiga magoti, akakwangua gamba kwa kisu, akanusa.

"Mbao hazijafa," akasema. "Mmezichafua tu."

Nilimwangalia Bashiri. Bashiri akaangalia lori lake.

Fundi alizing'oa mbao zote. Zilizooza akazitupa, mahali pake akaweka mbao ngumu za bodi la zamani la lori. Zilizobaki alizikwangua kwa vipande vya chupa, akazisugua kwa maji ya majivu, akazianika kivulini. Kisha akazigeuza. Upande wa chini, ambao oili haikufika, akauweka juu, akaupiga randa, akaupiga msasa mpaka unga wa mbao ukaingia kwenye mboga yangu, nikamsema, naye akaendelea kama vile ninamwimbia. Alipopigilia tena, kila ubao aliupanga pale ulipokaa vizuri. Vanishi haikuwapo, kwa hiyo Bashiri akaomba mafuta ya pamba kwa rafiki yake wa kinu cha kukamua mbegu. Bujiku akayachemsha, akayapaka kwa kitambaa, akafuta, akaacha jua lifanye kazi, akapaka tena. Nyumba ikanukia kama kuna mtu anakaanga maandazi. Ile rangi nyekundu ya mninga, ambayo mimi sikuwahi kuiona tangu niolewe, ikatoka. Nilisimama mlangoni nikasikia machozi yananijia kwa ajili ya sakafu, hebu fikiria.

Tukamtoa Bi. Mwasiti. Alikanyaga, akatabasamu. "Laini kama shavu la mtoto," akasema. Akauachia mkono wangu, akaanza kutembea. Mimi na Bashiri na fundi tunamtazama tumevimba kwa fahari.

Katikati akasimama. Akapapasa kwa kidole gumba cha mguu, huku, kule. Akarudi nyuma kidogo. Mikono yote miwili ikashika ukuta.

"Mtungi uko wapi?" akauliza. Ulikuwa pembeni yake. "Bashiri, mmenileta nyumba ya nani?"

Ndipo tukaelewa. Kifundo chake kilikuwa chini, kinatazama udongo. Ubao wake unaolia umehamia mlangoni pa jiko, tena umepigwa misumari mipya, haulii. Tulikuwa tumemtengenezea baraza nzuri na tumemnyang'anya njia.

"Mama Mwaisha," akaniita kwa sauti ndogo, "njoo unishike mkono."

Nilimshika. Nililia waziwazi, sikujificha. Bashiri akamgeukia fundi kwa maneno makali, kana kwamba yeye mwenyewe hakuwapo siku mbao zinageuzwa. Bujiku alivua kofia, mara ya kwanza, akachuchumaa mbele ya Bi. Mwasiti.

"Mayu," akasema, maana Wasukuma ndivyo wanavyomwita mama, "ulikuwa unazijuaje zile mbao?"

"Wewe ng'ombe wako unawajuaje?"

"Kwa chapa. Hata nikimpapasa tu gizani, namjua wa kwetu."

"Basi mimi wangu umewafuta chapa zote."

Bujiku akavaa kofia, akapanda baiskeli, akaondoka bila kuaga. Bashiri akasema huyo ndio katoroka. Kesho yake asubuhi alirudi amefunga nyuma ya baiskeli vyuma vya kupigia ng'ombe chapa, vya baba yake, na akaniomba jiko la mkaa.

"Unataka kuichoma sakafu niliyoiombea mafuta mpaka kinuni?" Bashiri akang'aka.

"Baba Mwaisha, nyamaza," nikasema. Akanyamaza.

Bi. Mwasiti aliwekewa kigoda, akawa ndiye anayeamuru. Kila chuma alikipapasa kwanza kikiwa baridi. Mtungini akataka mistari miwili. Chooni mitatu, "mtu ajue aharakishe." Mlangoni kwake mstari mmoja mrefu. Kulikuwa na chuma chenye umbo la msalaba, akakishika, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke. "Hiki weka jikoni, fundi. Kwenye mkeka wangu nichomee mwezi mchanga." Chuma kikawa chekundu, kikagusa mninga, moshi ukapanda, fundi akamwagia maji, akasafisha kwa kisu, akapaka mafuta. Bi. Mwasiti akajaribu kwa unyayo. Pasipomridhisha, akasema ongeza kina.

Kila mlango ukapata chapa, isipokuwa wetu mimi na Bashiri. Hakuna aliyeuliza. Mama mkwe hakanyagi chumba anacholala mwanawe na mkewe. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na kwa miaka yote ya ndoa yangu Bi. Mwasiti hakuwahi hata kulishika pazia la mlango wangu.

Jioni ile alikwenda chooni peke yake, akarudi. Nilimfuata kwa nyuma, nikajifanya nataka kumwelekeza kidogo. Nikapigwa kikofi. Sijawahi kupokea kitu kitamu kama kile.

Ulipofika msimu wa pamba, Bashiri alisafiri na mzigo kwenda Mwanza, na Mwaisha wetu alikuwa kwa shangazi yake Kahama. Malaria ikanikamata. Niliamka na homa, nikajikongoja kumpa mama chai, kufika adhuhuri nikawa siwezi kuinua kichwa. Ulimi umekauka, mtungi uko nje ya mlango wangu, hatua chache tu, na ungekuwa Mwanza ni hivyo hivyo. Nilimfikiria mama nikaona haya. Nimwite kipofu anihudumie mimi?

Pengine nilikuwa ninaugulia kwa sauti, sijui. Nilisikia nyayo zake. Nilisikia kata ikigonga mtungi, maji yakimiminwa. Nikasema moyoni, anakunywa. Halafu nyayo zikaja upande wangu, zikapita, zikafika mlangoni kwa Mwaisha, zikasimama. Zikarudi polepole, unyayo unasugua mbao kila hatua. Zikasimama tena.

"Hodi," akasema nje ya pazia langu.

Sikuweza kujibu. Pazia likasogea, akaingia, kikombe mkononi, nusu ya maji kwenye kanga yake. Alinitafuta kwa mkono mpaka akapata paji la uso. Akaninyanyua shingo, nikanywa.

"Mama," nikasema, "umeujuaje mlango?"

"Nimepita chapa zote. Pasipo na chapa ndipo kwako."

"Na humu huingii."

"Heshima nimeiacha nje. Itaningoja. Kunywa."

Alikwenda na kurudi mtungini mara nyingi alasiri ile, akinilowesha kichwa. Alisimama dirishani akamwita jirani yetu Philomena mpaka akaja, akanipeleka zahanati, nikapata dawa. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, homa ingenipanda kichwani. Kwa hiyo ukiniona ninapumua, jua ni kwa sababu ya mwanamke asiyeona na mbao za mninga.

Nilipopona nilimwita Bujiku aje auwekee mlango wangu chapa. Akaniuliza nataka ipi. Nikasema muulize mama.

"Weka duara," Bi. Mwasiti akasema. "Kama mdomo wa kikombe."

Aliishi miaka mingine mitano. Siku aliyofariki alikuwa ametawadha mwenyewe, amefika kwenye mwezi wake mchanga kwa miguu yake, akaswali, akalala ubavu pale pale. Hakuna aliyemshika mkono. Bujiku alikuja mazikoni na kofia mkononi, nikamwambia wabeja, kwa Kisukuma chake, maana ahsante yangu niliona haitoshi.

Kila mwaka kabla ya mvua napiga magoti, naipaka baraza mafuta ya pamba kwa mkono wangu. Oili chafu Bashiri hathubutu. Nikifika mlangoni kwangu huwa nasimama juu ya lile duara, nasema, ahsante, mama, kwa sauti, hata kukiwa na wageni. Limeanza kulika, siku hizi unyayo unalitafuta kidogo, na kulichoma upya sitaki, nataka lile lile aliloliagiza yeye. Haya, viatu viache hapo. Chai iko tayari.