Vidonge vya Goti

...dawa nyingine yoyote, ameuliza daktari, mbali na tunazompa sisi, na kalamu imesimama juu ya faili, na yeye, mkamwana aliyekuja kumuuguza mama mkwe, mtoto mgongoni, anatazama chupa ya uji kama vile jibu limo humo, hapana, angesema hapana tu, neno dogo, lakini limemkwama, maana vidonge vimo kwenye pindo la kitenge chake, diklofenaki, dawa kali ya maumivu ya viungo, viwili asubuhi, viwili jioni, alinunua mwenyewe duka la dawa, na muuzaji hakuuliza mgonjwa ana miaka mingapi... "Choo cheusi kama lami," anasema daktari, "na nguvu ya figo imeshuka ghafla, sielewi," na muuguzi anajibu, "Hapa tunampa panadoli tu, kwa umri wake dawa kali za maungio hatumpi kabisa, zingemtoboa tumbo"... hatumpi kabisa, na yeye amempa siku tisa, bila chakula, kwa maji matupu, maana mama mkwe alilia, goti linaniua, panadoli ya nini, kwani mimi mtoto mchanga, na alipompa, kesho yake akamwita mwanangu, mara ya kwanza tangu aolewe, miaka minne alikuwa huyu, mwambieni huyu alete maji, huyu hata chumvi hajui kupima, na sasa mwanangu, lete vile vyetu, vile vyetu, kama mashoga wawili, na yeye alifurahi jamani, alitembea koridoni akitabasamu peke yake... "Nakunywa uji wao na vidonge vyao, basi," anasema mama mkwe kutoka kitandani, "muulize mwanangu huyo," na vidole vikavu vinamshika mkono, vinaminya, nyamaza, na mume akijua atasema umemuua mama yangu, na mawifi, mawifi watapata la kusema mpaka mtoto huyu aote ndevu, nyamaza, avitupe chooni, nani atajua, lakini jioni goti litauma, atavitaka, atalia, na yeye anajijua, atakwenda kununua vingine... vidole ni baridi, jana havikuwa baridi hivi, daktari bado anangoja, mtoto anapiga chafya mgongoni, na vidole havilegei, wala havitalegea, sasa anajua, itabidi aseme vikiwa vimemshika hivihivi, na asiutoe mkono.