Pete ya Mtutu

Wiki ya tatu sasa, Gelle hana amani. Ni fundi wa bastola za polisi hapa Garissa, mtu wa mkono mtulivu, lakini kila akikaa kula anasikia kle, kle, kle, na chakula kinamshinda.

Ndio mlio wa bastola ya Bishar, polisi wa akiba, siku Gelle alipoitikisa karakanani. Pete inayoshika mdomo wa mtutu ilikuwa imelika. Kila risasi ikitoka, mtutu ulirudi kukaa pengine, na jicho la kulengea halina habari. Pete mpya hazikuwepo. Gelle akapachika kuukuu ya bastola nyingine, akasema, "Itashika tu." Itashika! Uvivu mtupu, wallahi.

Kisha fisi akaingia zizini kwa Abdihafid. Abdihafid alikuwa akimvuta mbuzi mdomoni mwa fisi, Bishar akamlenga fisi, risasi ikaenda shibiri moja pembeni. Abdihafid akafa pale pale.

Tatizo, Bishar na marehemu walikuwa wamegombania kisima. Wazee wa koo zote mbili wakataka kujua jambo moja: alikusudia, au alikosea? Kosa lina suluhu, kusudi linaita damu. Mzee Kulow akakata shauri: Gelle aibane bastola kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania cha karakana, apige risasi tano ubaoni. Zikikaa pamoja, bastola inatii, na Bishar ni muuaji.

Pete mpya zilikuwa zimeshafika. Asubuhi ile, kabla watu hawajaja, Gelle alitia moja, ile mbovu akaificha mfukoni. Aliogopa uvivu wake ujulikane, basi.

Risasi tano, matundu matano, yote yakifunikwa na kiganja kimoja. Wazee wakamgeukia Bishar.

"Adeer Gelle," Bishar akasema, "mimi nilimlenga fisi."

 Gelle akaanza kuondoka. Kle, kle, kle. Akageuka. Bastola ilikuwa imebanwa kwenye chuma, haiwezi kutikisika, na bado ilikuwa ikilia.

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa Shamso, mjane wa Abdihafid, akamwekea ile pete mbovu kiganjani.

"Hii ndiyo iliyomuua mumeo. Niliiweka mimi, na leo asubuhi nikaitoa."

Shamso akakunja ngumi. Mlio ukanyamaza, na Gelle akasikia wanaume wakiinuka nyuma yake.